Beta Wangu Amemchana Gapi Mkia: Nimwekee Mwenzake Gani?

*Ninaishi Ngamiani, Tanga, na nina tangi la kioo la lita 30 lenye samaki mmoja aina ya beta, dume mwekundu mwenye mapezi marefu, ambaye watoto wangu wanampenda sana. Walikuwa wakilalamika kwamba ana upweke, nikamnunulia gapi dume wawili. Siku ya pili tumemkuta mmoja mkia umechanika nusu, na wa pili hatoki nyuma ya pampu. Muuza samaki ananiambia nivumilie kwa kuwa watazoeana, na wasipozoeana nimwekee beta jike au samaki wa dhahabu. Mume wangu anashauri tutie perege mdogo, au konokono wa bwawani wale uchafu. Chini ya tangi tumepanga makombe na vipande vya matumbawe tulivyookota ufukweni. Umeme kwetu hukatika mara kwa mara. Naomba mwongozo: ni nani hasa anaweza kukaa na beta?*

Dada yangu, kabla hujaendelea kusoma, naomba uwatoe wale gapi wawili na kuwaweka katika beseni pana au ndoo safi, ukitumia maji ya tangi hilo hilo ili wasishtuliwe na maji mageni, kisha ufunike kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Mkia uliochanika huota tena baada ya wiki chache endapo maji ni safi na samaki hasumbuliwi. Akiendelea kukaa alipo, jeraha litaingiwa na bakteria, pezi litaoza kuelekea mwilini, na hapo kumponya itakuwa kazi kubwa.

Nimeelewa kwamba unaogopa mambo mawili yanayovutana: kumtesa beta kwa kumwacha peke yake, na kuwatesa wengine kwa kuwaweka naye. Hofu ya kwanza naomba uiondoe kabisa. Ya pili ni ya haki. Jibu langu la moja kwa moja ni kwamba katika tangi la lita 30 usimwekee beta dume samaki mwingine yeyote. Konokono mmoja au wawili wa aina nitakayoitaja wanatosha. Ukitaka tangi lenye samaki wa aina mbalimbali, anza na la lita 60 au zaidi, lenye urefu wa kutosha na mimea mingi, na hata hapo ukubali kwamba wapo beta wasiokubali jirani hata wakiwekwa katika tangi zuri kupita yote.

Beta unayemfuga, ambaye wataalamu humwita *Betta splendens*, asili yake ni Thailand, katika mifereji, vinamasi na mashamba ya mpunga ya bonde la mto Chao Phraya, mahali penye maji ya kina kifupi na majani mengi. Huko dume hujitengea eneo, hutema mapovu juu ya maji na kuyaunganisha kuwa kiota, na baada ya jike kutaga yeye ndiye huokota mayai kwa kinywa, huyaweka katika kiota na kuyalinda. Samaki yeyote anayekaribia kiota hicho huhesabiwa kuwa mwizi. Juu ya maumbile hayo, watu wa Thailand waliwachagua madume wakali kwa vizazi vingi kwa ajili ya mashindano ya kupiganisha samaki, kisha wafugaji waliofuata wakaongeza rangi kali na mapezi marefu. Thailand imemthamini kiasi kwamba mwaka 2019 ilimtangaza rasmi kuwa mnyama wa majini wa taifa. Samaki wa namna hiyo hahitaji kundi kama wanavyolihitaji tetra, samaki wadogo wa mapambo wanaoogelea pamoja. Watoto wakimwona ametulia juu ya jani wasimhurumie, kwa maana beta hupumzika hivyo. Akishinda amelala chini ya tangi, hali chakula na rangi imefifia, hapo kuna tatizo la maji, la baridi au la ugonjwa, na tatizo hilo haliponywi kwa kumletea mgeni.

Sasa tuingie katika kauli ya muuza samaki, kwamba watazoeana. Mtu anaweza kuisema kwa nia njema kabisa, kwa sababu kuna samaki ambao hugombana siku mbili tatu, wakapangana nani mkubwa na nani mdogo, na mambo yakaisha. Kwa beta dume hesabu ni tofauti. Katika maji ya asili, ugomvi huanza kwa vitisho: anatanua vifuniko vya mashavu hadi kichwa kionekane kama kimevaa kola, anafungua mapezi yote, anajipitisha ubavu mbele ya mpinzani. Anayeona hawezi hukunja mapezi na kukimbia, na akishavuka mpaka wa eneo la mwenye kiota, hafuatwi tena. Ugomvi huishia hapo kwa sababu aliyeshindwa ameondoka. Katika tangi lako, ambalo kwa kawaida huwa na urefu wa kama sentimita 40 tu, tangi zima ni eneo la beta. Gapi anakunja mapezi na kukimbia, anafika kwenye kioo, bado yumo ndani ya mpaka. Kwa macho ya beta, huyu ni mvamizi aliyepewa onyo akakataa kuondoka, kwa hiyo anapigwa tena kesho na keshokutwa. Ndiyo maana kuvumilia hakusaidii, na ndiyo maana yule wa pili amejibanza nyuma ya pampu: ni mahali pekee ambapo haonekani.

Kinachomchokoza beta zaidi ni sura. Mapezi marefu yanayopepea, rangi za kung'aa, na tabia ya kuogelea karibu na uso wa maji, yote hayo humfanya amdhanie mgeni kuwa dume mwenzake. Gapi dume anazo sifa zote tatu, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Wapo watu watakaokuambia kwamba wao wanafuga gapi na beta bila shida, nami sikatai, kwa kuwa beta hutofautiana tabia mmoja na mwingine, lakini wako tayari amekwisha kukujibu.

Beta jike ni ushauri mbaya zaidi. Dume na jike hukutanishwa kwa muda mfupi tu, wakati mfugaji anataka watage, dume akiwa amekwisha kujenga kiota na mtu akiwa anawaangalia. Wakimaliza kutaga jike hutolewa mara moja, kwa sababu dume humfukuza na anaweza kumwua. Samaki wa dhahabu naye ni mpole, lakini hupenda maji ya ubaridi, takriban nyuzi 18 hadi 22, wakati beta anastawi kati ya nyuzi 24 na 28. Tena hukua kupita ukubwa wa tangi lako na hutoa kinyesi kingi mno. Mmoja wao lazima aishi katika maji yasiyomfaa.

Perege wa mume wako nimempenda kwa sababu ni samaki wa kwetu. Mkoa wa Tanga una hata perege aliyepewa jina la Korogwe, *Oreochromis korogwe*. Lakini pahali pake ni bwawani. Akiwa mdogo kama kidole anaonekana hana madhara, baada ya miezi kadhaa anazidi kiganja cha mkono, anafukua changarawe, anang'oa mimea, na beta mwenye mapezi mazito hawezi kumkimbia. Hapo mwonevu atakuwa mwingine.

Kuhusu konokono wa bwawani, nakuomba sana usiwalete nyumbani. Katika maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya ukanda wetu wa pwani wamo konokono wa jenasi *Bulinus*, ambao ndio wanaobeba vimelea vya kichocho cha mkojo. Vimelea hivyo hukua ndani ya konokono, hutoka vikiwa lava wadogo wasioonekana kwa macho, na hupenya ngozi ya mtu anayetia mkono au mguu majini. Tangi ambalo watoto hupenda kuchezea kwa mikono si mahali pa kujaribia bahati. Mimea iliyong'olewa bwawani nayo huja na konokono wadogo walionasa kwenye majani, kwa hiyo nunua mimea iliyokuzwa katika matangi. Kama kuna mtoto ambaye amewahi kucheza katika bwawa hilo na anakojoa mkojo wenye damu, mpeleke kituo cha afya akapimwe, kwani kichocho kina dawa.

Naongeza neno kuhusu samaki na konokono wanaosifiwa kwamba husafisha tangi. Hakuna kiumbe anayeondoa uchafu majini kwa kuula, kwa maana naye hula na kunya. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Bakteria wanaoishi katika sponji ya chujio na juu ya changarawe huigeuza kuwa nitriti, nayo pia ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo hadi irundikane. Bakteria hao huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kukaa sawasawa katika tangi jipya. Kila samaki unayemwongeza huleta amonia zaidi ya ile waliyoizoea, na ndiyo maana mara nyingine watu huongeza samaki watatu siku moja, wiki inayofuata wakafa wote, lawama akabebeshwa beta. Dawa ya uchafu ni wewe: kila wiki toa kama robo ya maji, nyonya uchafu wa chini kwa mpira, rudisha maji yaliyotayarishwa. Sponji isuguliwe ndani ya maji uliyoyatoa tangini, kamwe isioshwe kwa maji ya bomba, kwa kuwa klorini huua wale bakteria.

Maji ya bomba yenyewe hayana ubaya mkubwa. Yanayotoka mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani hutibiwa kwa ajili ya kunywa watu, na kwa samaki unapaswa kuyaondolea dawa hiyo. Klorini ya kawaida hutoka yakiachwa wazi kwa siku nzima usiku na mchana. Klorini iliyounganishwa na amonia haitoki kwa kuachwa, hivyo matone ya dawa ya kuondoa klorini yanayouzwa katika maduka ya samaki wa mapambo ni hakika zaidi. Maji ya visima vilivyo karibu na bahari, au vilivyochimbwa katika miamba ya chokaa kama ile ya Amboni, huwa magumu au ya chumvichumvi, na sikushauri uyatumie.

Kwa sababu hiyo hiyo ya chokaa, yatoe makombe na matumbawe. Yanayeyuka kidogo kidogo, yanafanya maji yawe magumu, na kingo zake kali huchana mapezi ya beta anapopita. Badala yake weka changarawe laini au mchanga wa mtoni uliooshwa vizuri, mimea yenye majani mapana, na jani la mkungu. Wafugaji wa beta katika nchi nyingi hununua majani ya mkungu kwa fedha, nasi tunayafagia uani. Chukua jani lililoanguka lenyewe, lililokauka na kugeuka kahawia, kutoka mti ulio mbali na barabara na usiopuliziwa dawa. Lioshe, litie tangini. Jani moja linatosha kwa lita 30. Maji yatapata rangi ya chai nyepesi kutokana na tanini, yataelekea kidogo kwenye uasidi anaoupenda beta, na tanini hizo huzuia kwa kiasi ukungu na bakteria. Likianza kusambaratika, litoe.

Sasa nije kwa wanaoweza. Kwa tangi ulilonalo, konokono wa aina ya neriti wanaouzwa kama konokono wa mapambo ndio chaguo langu. Hula mwani kwenye kioo, gamba lao ni gumu, na hawazaliani katika maji yasiyo na chumvi kwa kuwa vifaranga vyao huhitaji maji yenye chumvi. Wana kasoro mbili: hutaga vidoti vyeupe vigumu vya mayai kwenye kioo, na hupanda wakatoka nje, kwa hiyo tangi lifunikwe. Beta mwenyewe pia huruka. Acha nafasi ya hewa chini ya kifuniko. Konokono wakubwa wa rangi ya njano wanaoitwa konokono tufaha siwapendekezi. Vipapasio vyao virefu beta huviona kama minyoo na kuvikata, tena jamaa zao wamekuwa balaa katika mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya, tangu mwaka 2020. Mkoa wenye mpunga wa Mombo hauhitaji bahati mbaya ya namna hiyo. Kwa kanuni hiyo hiyo, konokono au samaki usiyemtaka mrudishe kwa muuzaji au mpe mfugaji mwingine, usimtupe mtoni wala mferejini.

Ukija kupata tangi la lita 60 au zaidi, tafuta samaki wadogo, wa rangi tulivu, wenye mapezi mafupi, wanaokaa chini au katikati ya maji ili juu abaki beta. Kwa joto letu ninawapendelea koridorasi wa aina ya sterbai, vijikambale vidogo vyenye madoa vinavyochakura mchanga, kwa kuwa wanastahimili nyuzi 28 vizuri kuliko ndugu zao wengi. Wawe 6 au zaidi, juu ya mchanga laini. Katika maji ya katikati, tetra wadogo wa rangi ya kaa la moto, ambao hawazidi sentimita 2 hivi, wanafaa wakiwa 8 au 10. Rasbora wenye alama nyeusi ya pembetatu ubavuni nao hufaa. Idadi hiyo ina sababu: samaki wa kundi akiwekwa peke yake au wawili huingiwa na hofu, na mwenye hofu ndiye huanza kudonoa mapezi ya beta. Barbu wenye milia kama chui milia nawakataza kwa idadi yoyote, kwani kudonoa ndiyo kazi yao. Kamba wadogo wa mapambo unaweza kuwajaribu ukiwa umekubali kwamba baadhi yao watakuwa kitoweo.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji, na kwako ni kubwa, nalo ni umeme. Beta ana kiungo kinachoitwa labirinti, kilichoko juu ya mashavu, kinachomwezesha kupanda juu na kuvuta hewa moja kwa moja, kwa namna inayofanana na kambale wetu anayeishi katika tope. Tetra na rasbora hawana kiungo hicho. Hutegemea oksijeni iliyomo majini pekee. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hubaki kama 7.5. Kwa hiyo usiku wa Februari umeme ukikatika, pampu ikisimama, beta atakuwa anavuta hewa yake bila wasiwasi huku kundi zima likitweta juu ya maji. Mwenye kundi anapaswa kuwa na pampu ndogo ya hewa ya betri. Akikosa, achote maji ya tangi kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, tena na tena, hadi samaki watulie. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, suuza sponji katika maji uliyoyachota tangini kabla ya kuwasha chujio, ili bakteria waliokufa wasimwagwe juu ya samaki. Ukimfuga beta peke yake, karibu adha yote hiyo inakupita.

Siku utakapowachanganya, watangulize wageni. Kabla ya hapo wakae kama wiki 3 katika chombo chao, ili ugonjwa ukijitokeza usivuke. Waingie tangini, wajue maficho yao kwa siku kadhaa, ndipo beta aletwe wa mwisho, baada ya kubadilisha mpangilio wa mimea ili naye ajione mgeni. Mlishe kwanza. Kaa mbele ya tangi saa mbili za mwanzo. Kutanua mashavu mara moja na kupuuza ni kawaida. Kumfuata mmoja kutoka pembe hadi pembe, kuuma, au mgeni kukataa kula, ni sababu ya kutenganisha siku hiyo hiyo, na chombo cha kumhamishia kiwe tayari kabla hujaanza. Wape walio chini chakula kinachozama, kwa sababu beta humaliza kinachoelea na kuvimbiwa juu yake.

Samaki wakifa wawili au watatu mfululizo, mkiona vidoti vyeupe kama punje za chumvi mwilini, vidonda, macho kutokeza au magamba kusimama, maandishi hayatoshi tena. Nenda kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako au daktari wa mifugo anayeshughulika na samaki, ukiwa na chupa safi ya maji ya tangi, picha za samaki, na maelezo ya lini ulibadilisha maji na ulitia nini. Usinunue viuavijasumu dukani ukamwagia tangi kwa kubahatisha. Vingi huua bakteria wa chujio, na amonia ikamaliza waliosalia. Na kama wewe au mtoto mtapata kidonda au kivimbe mkononi kisichopona kwa wiki kadhaa baada ya kushika maji ya tangi, nenda hospitali na umwambie daktari waziwazi kwamba unafuga samaki, kwa kuwa kuna bakteria wa majini wa jamii ya kifua kikuu ambao daktari hatawafikiria asipoambiwa.